Firigisi ya Baba na Masomo Mengine: Mwongozo wa Kumfundisha Mtoto Mlo Kamili

Mwite mtoto yeyote wa darasa la nne, mwambie akutajie makundi ya vyakula. Atasimama wima, mikono nyuma, ayamwage yote kwa pumzi moja: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Muulize jana usiku alikula nini. Ugali na mchuzi. Juzi? Ugali na mchuzi. Na leo asubuhi, kabla hajaja kupata alama zote za mtihani wa lishe, alikunywa chai ya rangi na andazi moja.

Mtoto huyo hana kosa. Somo analijua. Wanaohitaji kurudishwa darasani ni watu wazima waliomzunguka: baba anayekaa karibu na bakuli la nyama, mama mwenye mwiko, bibi mwenye miiko, mjomba anayekuja Jumapili na mfuko wa soda, na mwalimu aliyebandika picha za matunda ukutani kwenye shule isiyo na hata mpapai mmoja. Kejeli iliyomo humu ni yao. Ushauri ni wa kweli mtupu, na ninaomba ufuatwe neno kwa neno, kwa sababu mtoto huanza kuisoma sahani yake miaka mingi kabla hajajua kusoma chati.

Usidanganywe na ghala

Wapo wakubwa wanaoamini kwamba nyumba yenye magunia haina la kujifunza kuhusu chakula. Hao wapande basi waende Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Tanzania nzima, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mkoa ulioongoza ni Iringa, karibu asilimia 57. Nyuma yake wakaja Njombe na Rukwa, kila mmoja takriban asilimia 50. Anayeijua ramani ya chakula ya nchi hii lazima ashtuke, kwa sababu hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine. Mahindi yake yanasagwa Dar es Salaam, viazi vyake mviringo vinakaangwa chipsi mijini, na parachichi za Njombe zinapakiwa kwenye makontena ya baridi kwenda Ulaya. Kule kule zinakochumwa, kuna mtoto anayekula ugali mkubwa mara mbili kwa siku, tumbo limetuna kwa shibe, na hakui.

Shibe ni rahisi kuifundisha, ndiyo maana tunaifundisha wote. Ugali wa mahindi unatoa nguvu, tena nyingi, ila protini yake ni pungufu: ina upungufu wa laisini na triptofani, viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Jambo hili si geni. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kuwekwa kwenye chakula cha mahindi: miguu na mikono imevimba, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi. Ni ugonjwa ambao leo kila nesi wa kliniki anaujua kwa jina la kwashakoo. Uji watoto wale walikuwa nao. Kilichopungua ni vitu vya kuandamana na uji.

Kwa hiyo somo la kwanza linaanzia kwenye ubao wa kupimia urefu. Ukienda kliniki usiridhike na mizani peke yake. Omba mtoto apimwe urefu, uandikwe kwenye kadi, na uulize umekaa wapi ukilinganisha na umri wake. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri tu, akasifiwa mtaa mzima. Mtu akikwambia "ukoo wetu ni wafupi," mheshimu, kisha mpime mtoto vilevile. Sehemu kubwa ya hasara hii hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Ndiyo kusema mwanafunzi wa kwanza wa lishe ndani ya nyumba ni mama mjamzito, na masomo yake ni mayai, maharage, dagaa, mboga, matunda na mapumziko. Mapumziko hayo yana mtu wa kuyalipia: kuni, ndoo za maji na jembe vitakuwa vya mume kwa miezi hiyo, na majirani wakimcheka, wacheke hadi wachoke.

Mpe mtoto firigisi

Jumapili mchana. Kuku mmoja wa kienyeji, watu wanane. Mama anapakua, na wote wanaijua ramani kabla mfuniko haujafunuliwa. Paja moja na firigisi ni vya baba. Paja la pili ni la mgeni. Mgeni asipokuwepo, linasubiri liwe kiporo cha baba. Kidari kinagawanywa kwa wakubwa. Kwa watoto kuna shingo, miguu, kichwa na ncha za mabawa, na mchuzi unamiminwa hadi wali uelee. Mtoto wa miaka minne anautazama mkono wa mama ukipita na nyama juu ya sahani yake, ukienda mbele. Dakika hiyo amefundishwa lishe kwa ufasaha kuliko mwaka mzima wa shule. Ameelewa kwamba nyama ni ya vyeo, na kwamba chakula chake yeye ni kile kinachobaki. Akikua, naye atatafuta cheo apate paja.

Baba, firigisi hiyo mpe mtoto. Mwite kwa jina, mwambie hapa ndipo kuku anaposagia punje kwa vijiwe alivyovimeza, kisha iweke kwenye sahani yake mbele ya watu wote. Heshima yako haitapungua. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto anayekua anahitaji protini nyingi kuliko wewe uliyemaliza kukua zamani. Urefu wako umeshakamilika. Kinachoongezeka sasa ni kiuno. Anayebaki na kazi ya kujenga mifupa, damu na ubongo ni yule pale, aliyeshika shingo ya kuku kwa mikono miwili akitafuta nyama ambayo haipo.

Kuhusu mchuzi, hapa pana imani inayohitaji kuzikwa kwa heshima zote. Watu wengi husema nguvu ya nyama hutoka ikaingia kwenye mchuzi, kwa hiyo mtoto akinywa mchuzi amekula nyama. Kama wangeamini hivyo kweli, wakubwa wangegombea mchuzi na kuwaachia watoto minofu. Protini kwa sehemu kubwa hubaki kwenye nyama. Mchuzi hubeba chumvi, mafuta, ladha na virutubishi kidogo. Kama meno ya mtoto bado hayatoshi, nyama ichambuliwe nyuzinyuzi, ikatwekatwe au itwangwe, iingie kwenye chakula chake ikiwa imelainika. Maini ndiyo bora zaidi kwa kazi hiyo: ni laini, yamejaa madini ya chuma na vitamini A, na kipande kidogo mara moja kwa wiki kinamtosha mtoto.

Nyumba nyingi hazimuoni kuku kila Jumapili, wala hakuna haja. Dagaa analiwa mzima pamoja na mifupa yake, ndiyo maana ana madini ya chokaa kwa wingi kuliko mnofu wa samaki mkubwa, na protini juu. Waoshe vizuri mchanga utoke, wakaange bila mafuta hadi wakauke, watwange. Kijiko cha unga huo kikiingia kwenye uji au kwenye mchicha wa mtoto, chakula kimebadilika daraja bila kubadilika bei. Mtoto mkubwa kidogo mpe kazi ya kutwanga. Atakuwa na sababu ya kula alichokitwanga mwenyewe.

Na yai. Shikamoo, bibi. Kwetu wengi tuliambiwa mtoto anayekula mayai atakuwa mwizi, na mjamzito anayekula mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nadhani wazee walikuwa wakilinda mayai ya kuatamiwa, na kulinda mbegu ya kuku ni jambo la busara. Lakini yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na protini hiyo ni ya daraja la juu kabisa. Nywele zenyewe zimejengwa kwa protini. Basi bibi, ninakuomba uwe wewe wa kumpa mjukuu wako yai lake la kwanza, mbele ya mama yake, ukimwambia kwamba mwiko umekwisha. Neno hilo likitoka kinywani mwa daktari litabishaniwa. Likitoka kwako, mjadala umefungwa.

Hesabu soda kwa kijiko

Mjomba amefika. Kila mtoto amekabidhiwa chupa yake, na usiku wataitwa wakorofi kwa sababu hawataki kula. Usimnyang'anye mtoto chupa, wala usimfokee mjomba. Leta glasi tupu, kopo la sukari na kijiko cha chai, umwite mtoto wa miaka saba au minane anayejua kuhesabu.

Someni kibandiko pamoja. Soda ya kola kwa kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina gramu 35 na ushei. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 4. Mpe kijiko yeye mwenyewe, aanze kuteka na kumimina huku akihesabu kwa sauti. Kwenye kijiko cha tatu atacheka. Kwenye cha sita atakutazama kuona kama unamtania. Akifika cha tisa, sukari kavu imelala chini ya glasi, unene wa kidole, na mtoto ameshaacha kucheka. Muulize: ukitia vijiko tisa kwenye kikombe chako cha chai, mama atasema nini? Jibu analo. Hapo usiongeze neno hata moja, maana hotuba itaharibu kila kitu.

Hesabu ya wakubwa ni hii. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5. Mtoto anayehitaji kalori 1,400 kwa siku ana haki ya gramu 35. Chupa ya mjomba imezimaliza zote, na andazi la asubuhi halijahesabiwa.

Mjomba anayependa kushangiliwa getini alete tikiti zima. Alete embe dodo, awaone watoto wanavyogombania kokwa. Alete karanga za kukaanga au madafu. Ubuyu pia ni mzuri, ukiwa mweupe kama ulivyotoka kwenye mbuyu, una vitamini C kwa wingi. Rangi nyekundu na sukari iliyoganda juu yake vimetiwa na wafanyabiashara.

Ukishindwa vita, jua hukutakiwa kupigana

Mtoto amekataa mboga. Mkubwa anaanza na ndege inayopaa kuelekea mdomoni. Ndege ikishindwa kutua, vinafuata vitisho: askari anakuja, daktari ana sindano. Vitisho vikishindwa, inakuja rushwa: maliza matembele upate soda. Na wapo wanaomlaza mtoto magotini, wakambana pua, wakammiminia uji kwa kiganja. Hilo la mwisho liachwe leo hii. Uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto akapaliwa hadi kupoteza maisha.

Rushwa nayo ina somo lake, na mtoto hulishika haraka. Kinachohitaji ulipwe ndipo ukile lazima ni kibaya, na malipo yenyewe lazima ni mazuri. Ukisema "maliza mboga upate biskuti" umeitangaza biskuti na kuitukana mboga kwa sentensi moja.

Katika miaka ya 1920 na 1930 daktari mmoja wa watoto nchini Marekani, Clara Davis, alifanya jambo ambalo wazazi wengi hawangethubutu. Aliwachukua watoto wachanga 15 waliokuwa ndiyo kwanza wanaachishwa ziwa, akawa anawawekea vyakula mbalimbali kutoka orodha ya aina 34: maziwa, mayai, nyama, maini, samaki, nafaka, viazi, mboga, matunda. Wauguzi walikatazwa kubembeleza wala kuelekeza. Walisubiri mtoto anyooshe mkono au aguse, ndipo wampe. Milo iliyotokea ingemtoa jasho mama yeyote. Mtoto mmoja alifungua kinywa asubuhi kwa maini na juisi ya machungwa. Mwingine alikula mayai kadhaa kwa ndizi na maziwa usiku. Mmoja aliyefika na matege ya ukosefu wa vitamini D alikuwa akinywa mafuta ya samaki kwa hiari, hadi mifupa yake ilipopona, kisha akayaacha. Davis alipotoa muhtasari wake mwaka 1939, watoto wote walikuwa na afya njema.

Wasomaji wavivu wa habari hiyo husema: basi mwacheni mtoto ale anachotaka. Tazameni orodha tena. Haikuwa na soda, biskuti wala kitu chochote kilichotiwa sukari. Mtu mzima alikuwa ameshafanya kazi yake yote kabla mtoto hajakaa. Huo ndio mgawanyo ninaoupigania: mkubwa anaamua kinachowekwa mezani na saa ya kula, mtoto anaamua ale kipi na kiasi gani. Kila mmoja akae kwenye mipaka yake. Na mboga iliyokataliwa leo irudi keshokutwa, kiasi kidogo, bila maneno, wewe mwenyewe ukiila mbele yake kwa raha. Watafiti wa ulaji wa watoto wamekuta kwamba chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonjwa mara kumi na zaidi ndipo kikubalike. Wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu, kisha wanatangaza ukweni kwamba mtoto wao "hali mboga kabisa", naye anasikia, anajivunia sifa hiyo, na kuilinda.

Jikoni ndiko kwenye darasa

Kuna unga wa uji unaouzwa kwa sifa ya wingi wa nafaka: tano, saba, kumi. Mama analipa zaidi akiamini kila nafaka ni kirutubishi kipya. Mahindi, mtama, uwele, mchele na ngano vyote vinakaa kundi moja la wanga. Ukivisaga pamoja umewakusanya ndugu wa baba mmoja ukidhani umeita kijiji. Ulezi peke yake ungetosha, tena una madini ya chokaa kwa wingi kuliko hao wenzake. Kinachougeuza uji kuwa mlo ni vitu vya kundi jingine: maziwa, yai lililokorogwa likachemka, karanga, unga wa dagaa, ndizi au papai lililopondwa.

Karanga hizo zisikae kwenye unga miezi. Karanga na mahindi vikihifadhiwa vibaya huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho na isiyokwisha kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Mfundishe mtoto kuchambua karanga kabla hazijatwangwa: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, yote itupwe. Vidole vya mtoto ni vyepesi kwa kazi hii na macho yake ni makali. Twangeni za siku chache tu.

Mboga za majani huoshwa kwanza, ndipo zikatwe. Ukikata ndipo uoshe, vitamini zinazoyeyuka kwenye maji zinateremka na maji hayo hadi kwenye shimo. Mchicha na matembele viive dakika chache, vikiwa bado kijani. Mchicha uliopikwa hadi ukawa mweusi umebaki na nyuzi na kumbukumbu ya mchicha. Tia mafuta kidogo au tui, kwa sababu vitamini A iliyo kwenye majani, karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa hufyonzwa vizuri ikipata mafuta. Kisamvu kina sheria yake: kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, maana kibichi kina sumu ya sianidi, na hapo hakuna mjadala wa kuharakisha.

Magadi yatoke jikoni. Yanalainisha maharage haraka na kuipa mboga kijani cha kupendeza, na papo hapo yanaua vitamini B1 na vitamini C. Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha. Mtoto ndiye awe mwenye dhamana ya kuloweka kila jioni. Ni kazi ya dakika moja na inamfanya awe mtu muhimu kesho yake.

Dona nayo irudishwe nyumbani. Ninawaelewa walioila bweni wakaapa kutoionja tena, ila kosa lilikuwa kwenye upishi na kwenye maharage yenye wadudu. Sembe nyeupe imevuliwa ganda na kiini, mahali ambapo mahindi huhifadhi vitamini B nyingi, nyuzinyuzi na mafuta. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu. Na ukitaka kumweleza mtoto mlo kamili kwa sufuria moja, mpikie makande. Mahindi yana upungufu wa laisini, maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanajazia. Mwambie hawa wawili wanakopeshana. Bakuli la makande lenye nyanya, karoti na kipande cha parachichi pembeni halihitaji kuonewa haya hata akija mkuu wa mkoa.

Chai isubiri

Utafiti ule wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo kwenye kesi hiyo, na chakula kimo. Chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Mtoto mdogo hahitaji chai ya rangi hata kidogo. Asubuhi apate uji au maziwa, na mchana akila maharage, apewe chungwa, embe au kipande cha papai. Vitamini C iliyomo huyavuta madini hayo yaingie. Mkubwa asiyeweza kuishi bila kikombe chake akinywe saa moja baada ya kula, na asimwonjeshe mtoto.

Mkabidhi pesa

Hela ya shule ndiyo bajeti ya kwanza ya lishe ambayo mtoto anaitawala peke yake. Kwenye geti kuna barafu za rangi, pipi, chipsi za pakiti, na pembeni kidogo kuna mama mwenye beseni la mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga na mayai. Usimlaumu mtoto anayekimbilia barafu kama nyumbani hajawahi kushirikishwa kununua chochote. Na kamati ya shule, badala ya kumfukuza yule mama kwa jina la usafi, mpeni kivuli, maji ya kunawa na kabati la kioo, kwa kuwa anafanya kazi ambayo chati imeshindwa.

Jumamosi asubuhi mpe mtoto kikapu na noti, umpeleke gengeni au sokoni. Masharti yawe machache: arudi na rangi tatu tofauti, arudi na kitu kimoja chenye protini, na chenji ihesabiwe mbele yake. Kaa mbali asikuulizeulize. Mwache abonyeze nyanya, anuse dagaa, aulize bei, aombe nyongeza. Mara ya kwanza anaweza kuleta karoti nne na boga kubwa asiloweza kulibeba, kwa sababu tu limempendeza. Lipokeeni. Boga lina vitamini A, majani yake ni mboga kama muuzaji alikuwa nayo, na mbegu zake zikioshwa, zikakaushwa na kukaangwa zina zinki, madini ya chuma na protini. Usirudi sokoni kisirisiri kurekebisha manunuzi yake. Pikeni alicholeta, jioni ileile, hata kama amesahau vitunguu.